Kambale bila Paluku

Beni, 3 juni 2001

Kwa Bwana Kambale Malachie
Atelier ya soudure, Mususa, Butembo

Ndugu yangu,

Utashangaa kuona jina la Kapinga chini ya hii barua. Mimi ni Grady, mutoto wa Docteur Major Ignace Kapinga na Mama Delphine. Baba yetu ni mumoja. Hatujaongea hata siku moja maishani, na ninajua si vizuri mutu aanze urafiki na ombi. Mais sina njia ingine.

Papa amekamatwa. Tangu aache jeshi amekuwa akitembea vijijini na mufuko wake wa dawa. Mwezi wa tano alienda upande wa Lubero juu ya surua ya batoto, hakurudi. Juzi, ku phonie, redio ya misheni (mimi ni mutu wa redio hapa camp, donc waliniita nisikilize), sauti ilisema: «Muzee Docteur yuko kwetu Kasugho. Anatunza majeruhi wetu. Hatuna kinyongo naye. Mutoto wake wa damu akuje kumuchukua, peke yake, mikono mitupu. Mujeshi akikanyaga hapa, tutampokea kijeshi.» Nikauliza ni nani anaongea. Akasema Muyisa, akakata.

Mimi ni capitaine. Mimi ni Muluba. Kinande ninajua salamu tu, na hata hiyo watu hucheka. Hawa vijana wa pori na sisi wa camp tunapigana, unajua. Nikifika barrière yao ya kwanza, pale wanazuia njia, hadithi yangu imekwisha. Wewe ni wa huko. Una lugha, una uso.

Papa ana miaka sitini na nane. Macho yake yamefunikwa na ukungu, sasa anashona vidonda kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona. Mama Delphine alifariki zamani, mwaka wa 94. Tumebaki wewe na mimi.

Zorobabel, dereva wa lori, atangoja jibu lako.

Petit, nakuomba.

Grady Kapinga


Butembo, 8 juni 2001

Capitaine,

Barua nimepata. Mbele ya kukujibu, nakurekebisha fasi mbili.

Hapana kuniita petit. Petit ni mutu ulimubebaka ku mugongo, ukamupiga makofi, ukamupatia nusu ya muhindi wako. Wewe hukunibeba, hukunipiga, na muhindi wako ulikula muzima.

Na ku bahasha umeandika Kambale. Hiyo jina niliitoa. Ku mulango ya atelier yangu imeandikwa PALUKU MALACHIE, na ku karte yangu ya commune, kitambulisho, njo vile vile. Wewe mutu wa Kasai hauwezi kujua, donc nakueleza. Kwetu jina ni hesabu. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku. Wa pili, Kambale. Wa tatu, Kasereka. Na tunahesabu ku tumbo la mama, hapana ku suruali ya baba. Ukitaja jina lako ku soko, hata mutu hajakuona maisha yake anajua ulitoka wa ngapi.

Mimi ni mutoto wa kwanza wa Débora. Wa kwanza na wa mwisho. Mais huyo Docteur wako, siku nilizaliwa, alienda ku bureau kuniandikisha Kambale. Wa pili!

Unajua hiyo ilituletea nini? Batu ba Mususa banajua hesabu. Kama kuna Kambale, Paluku eko wapi? Bamoja balisema Débora alizaa ku usichana, akaficha. Bengine balisema alitupa. Ku kanisa, akikaa ku benchi, bamama banasogea kidogo, sawa vile benchi imelowa. Ku masomo batoto baliniimbiaka: «Kambale bila Paluku, paa bila nyumba!» Nikimuuliza mama, anakamata sindano, anashona. Mwisho nikaamini mwenyewe: nilikuwa na mukubwa, alikufa, banamuficha. Nilikuwa na miaka sita. Nilitafuta kaburi yake nyuma ya jiko, nikachimba na kijiko. Nilikuta mufupa ya kuku. Niliizika tena na heshima.

Na yeye mwenyewe? Alikujaka dimanche, siku ya kanisa, na jeep ya jeshi kutoka Beni. Anaingia, anakunywa chai, ananiita, anainua shati yangu, ananiwekea kile chuma baridi ku kifua. Anafunga macho, kama mutu anatafuta station ya mbali ku redio. Haniulizi masomo. Haniulizi kitu. Nilikuwa mugonjwa wake, hapana mutoto wake. Kisha wewe na mama yako mulifika kutoka Kananga, na jeep ikasahau barabara. Nilikuwa na miaka saba. Kilometa makumi tano na kidogo, Capitaine. Hapana Ulaya.

Nilianza na kuziba matobo ya baiskeli. Leo niko na machine ine za kusuder, kuunga chuma na moto, na batu kumi na moya banakula juu ya mikono yangu. Geti ya kanisa, ile bamama banapita wakienda kusogea ku benchi, mimi njo nilitengeneza. Hakuna bulon, hata musumari moya, humu ndani ilitoka kwa Kapinga.

Sasa sikia. Nitaenda Kasugho. Hapana juu yako. Hapana hata juu yake. Nataka kumuuliza na kinywa yangu swali moya tu: ulihesabu nini? Wakimuuwa mbele ya kunijibu, nitabaki na hiyo swali mupaka kaburini, na mimi sipendi hesabu ya kuachwa katikati.

Usitume mutu. Usitume bajeshi nyuma yangu eti «kunilinda». Ukifanya hivyo utakuwa umetuuwa babili.

Paluku Malachie


Beni, 12 juni 2001

Malachie,

Nimeacha «petit». Ona, hata mujeshi anajifunza.

Sitabishana nawe. Ya dimanche, mimi nina upande mumoja tu wa kukuambia. Hapa Beni, siku ya dimanche kisha chakula, Papa alisimamaka ku barza akitazama barabara ya Butembo. Anatazama tu. Mama anaongeza sauti ya redio. Papa anarudi ndani. Kila dimanche ilikuwa vile. Nilikuwa mutoto mwerevu: nilijifunza kutouliza. Njo maana nilikuwa mutu wa redio, nafikiri. Ninasikiliza ya watu wengine.

Jina lako ni lako. Kwetu mutoto anapewa jina la babu ao la bibi, hesabu hapana. Uitwe Paluku, uitwe Petro, rudi na Papa.

Jambo moja la maana: hatakuona vizuri. Ukisimama mbali ataona kivuli tu, na amezoea vivuli vinavyodanganya. Sogea karibu, umuambie neno la utoto wako. Niambie pia siku ya kuondoka, nikae karibu ya phonie.

Usifikiri sijui ninachokuomba. Nimevaa kamba tatu za cheo ku bega, na ninamutuma fundi wa milango fasi mimi naogopa kwenda. Ku camp wanasema capitaine haogopi. Wajinga.

Grady


Butembo, 17 juni 2001

Capitaine,

Naondoka mardi, kesho kutwa, mbele jua haijatoka. Camionnette ya vitunguu inanifikisha fasi barabara inaisha, kisha ni miguu na pori. Nitavaa overoli yangu ya kazi, ile ya matobo ya cheche. Hakuna mujeshi anakubali kutembea namna ile, hata wa kwenu. Nimebeba sabuni, chumvi, na miwani ya kusuder, juu mutu akiuliza kazi yangu nimuonyeshe.

Karte iko mu mufuko ya kifua. Ku barrière, mutu bila karte ni muongo tayari. Mutu na karte ni mutu.

Mama amenikataza kuibeba. «Acha hiyo karte, Malachie.» Nikamuuliza sababu. Akakamata sindano.

Neno la utoto sina. Sikuongeaka naye.

Paluku Malachie


Beni, 18 juni, mbio mbio

Malachie, usiende na karte! Usiende na karte! Kama unasoma hii ukiwa na mufuko begani, simama fasi uko.

Muyisa amerudi ku phonie sasa hivi. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyashika: «Tulimuuliza Muzee ana batoto wangapi. Amesema babili. Paluku ni mujeshi huko Beni. Kambale ni fundi huko Butembo. Basi Kambale akuje. Paluku tunajua kazi yake. Akijaribu kujipitisha hapa kama fundi, asitafute njia ya kurudi.»

Paluku ni mimi! Tangu utoto, Papa akiwa na furaha ananiita «Paluku wangu». Nilifikiri ni jina la muchezo, kitu alichookota sokoni kwenu. Mama alichukia sana akisikia, sikujua sababu.

Unaelewa? Wanamungoja Kambale fundi. Wewe utafika na karte ya Paluku. Karte yako inasema wewe ni mimi.

Ichome. Itupe chooni. Heri uwe muongo bila karte.

Zorobabel hajamaliza kupakia lori. Nimemuambia mihogo iache, barua iende.

Grady


Butembo, 20 juni 2001

Kwa Grady Kapinga,

Bwana asifiwe.

Mimi ni Débora, mama yake Malachie. Barua yako ilifika jana saa ya jioni. Yeye aliondoka jana hiyo hiyo alfajiri. Nimeifungua mimi, nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Mchungaji Siméon alipanda pikipiki usiku uleule kumfuata. Amerudi leo, matope hadi kifuani. Ile camionnette ya vitunguu ameiona ikirudi tupu. Mwanangu alikwisha kuingia msituni.

Utauliza kwa nini sikumwambia. Nilijua Paluku ni nani, tangu siku ile baba yenu alipoleta karatasi ya kuzaliwa, akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. Ningesemaje? Ningewaambia mama wa kanisa, «Hapana, sikuzika mtoto, ila mume wangu ana mke aliyenitangulia»? Nilipima aibu hizo mbili, nikachagua ile ambayo ningeweza kuibeba na kichwa kikiwa juu. Wao walisema, mimi nilishona. Hata nguo zao za Krismasi nilizishona mimi.

Sikukuandikia ili kulia. Nimekuandikia ufanye kazi yako. Keti kwenye hiyo redio yako. Mtafute huyo Muyisa, umwambie kwa sauti ya kiume: Paluku ni mimi, niko hapa Beni, ninaongea nawe, basi huyo aliye mbele yako hawezi kuwa mimi. Rudia hadi akusikie. Akikata, anza tena.

Usilale, mwanangu. Mimi silali.

Débora


Beni, 25 juni 2001

Mama Débora,

Nimefanya ulivyosema. Niko ku phonie tangu nilipopata barua yako. Ninaita Kasugho asubuhi, ninaita mchana, sauti imenikauka. Kasugho haijibu. Mukubwa wangu amenikuta nikisema «Paluku ni mimi, Paluku ni mimi» peke yangu ndani ya chumba, akauliza kama nina malaria. Nimemuambia ndiyo, apate kuniacha.

Bado niko.

Grady


Butembo, 2 julai 2001

Capitaine,

Eko. Muzee eko hapa Mususa, ku kitanda yangu, analalamika chai haina sukari. Hiyo nimeiandika mbele, usirarue karatasi ukiitafuta.

Sasa nakuelezea. Mama amenisomea barua zako zilifika nyuma yangu, donc ya phonie najua. Haikufika. Batterie yao ilikufa siku ile walikuongelesha. Ulikuwa unaita chuma baridi. Mais uliita, nimesikia.

Ku barrière ya kwanza balikuwa vijana tatu na mwanamuke moya muzee, Tamar, anabapikia. Nikatoa karte na kiburi yangu yote. Kijana akaisoma, akapiga muluzi. «Paluku! Baye, wenzangu! Paluku mwenyewe amejileta!» Balinifunga mikono na mupira ya baiskeli. Mimi, fundi wa kuziba mipira ile.

Balinipeleka kwa Muyisa. Nilifikiria nitaona jitu. Ni mutu mwembamba, na koti ya mwalimu, kola imeshonwa vizuri.

«Karibu, capitaine. Tulikungoja.»

«Mimi hapana capitaine. Mimi ni soudeur.»

«Karte inasema Paluku. Muzee anasema Paluku wake ni mujeshi. Nani anadanganya, karte ao baba yako?»

Nikamujibu mu Kinande, maneno mingi, na matusi mbili ndani. Balicheka. Moya akasema: «Hata kasuku inajifunza. Bajeshi beko na babibi ba huku ba kubafundisha.» Nikabaonyesha mikono, makovu ya moto. «Bunduki pia inaunguza.» Nikatoa miwani ya kusuder. «Uliiba wapi?»

Capitaine, mimi ni mutu wa hesabu. Niliona imebaki neno moya tu mu mufuko yangu. Nikaisema.

«Jina yangu ni Kambale.»

Sijaisemaka na kinywa yangu miaka kumi. Ilitoka sawa jino.

Muyisa akauliza: «Na karte?»

«Nilibadilisha mwenyewe. Mama yangu hakuzaa mwingine mbele yangu. Nilichoka kuwa wa pili nyuma ya hewa.»

Basi, ikawa soko. Ungekuwa pale ungesahau vita. «Kambale bila Paluku? Haiwezekane!» «Inawezekana kama baba ni mugeni!» «Hapana, tunahesabu ku mama!» «Mugeni anahesabu ku kwake!» «Mugeni hana ruhusa ya kuhesabu na jina zetu!» Moya eko na bunduki anamuonyesha mwenzake vidole: Paluku, Kambale, Kasereka, kama darasa ya kwanza. Yule alinifunga akalegeza mupira apate kutumia mikono yake kubishana. Mwisho Mama Tamar akagonga sufuria: «Munyamaze! Baba mutu eko pale ndani, na nyie munauliza hewa?»

Bakamuleta. Alitoka na mikono miwili juu, imejaa damu, na hasira. Si juu ya kukamatwa. Juu ya kukatizwa. «Nani ananiita? Niko na tumbo la mutu wazi!»

Muyisa, na heshima yote: «Muzee, samahani. Huyu ni Paluku ao ni Kambale?»

Alisogea. Macho yake ni meupe sawa ulisema. Nilitafuta lile neno la utoto. Sikupata. Yeye hakungoja neno. Aligeuza mikono yake ya damu pembeni asinichafue, akainama, akaweka sikio moja kwa moja ku kifua yangu. Akafunga macho. Kama mutu anatafuta station ya mbali.

Nilisikia sufuria inachemka.

Akasema: «Tak, tak, na kadogo nyuma. Tak, tak, na kadogo nyuma. Ni Kambale.» Akasimama. «Huyu alizaliwa na mulango moya ya moyo haifungi vizuri. Niliisikiliza kila dimanche miaka saba, kuona kama inakuwa mubaya. Haikuwa mubaya. Inafanya kelele tu.»

Mulango, Capitaine. Mimi ninatengeneza milango, na sikujua yangu inalia.

Muyisa akauliza tena, sasa si kama mukubwa wa barrière, kama mwalimu: «Mais Muzee, kwetu tunahesabu ku mama. Mama yake eko na huyu moya tu. Ulifanya aje hesabu yako?»

«Hesabu gani? Nilimuuliza mukunga: kwenu mutoto mwanaume wa pili banamuita nani? Akasema Kambale. Nikaandika Kambale. Nilikuwa na mumoja Kananga. Huyu akawa wa pili. Mulitaka niruke mumoja?»

Mama Tamar akajishika kiuno. «Wewe Muluba! Miaka makumi tatu umemufanya bibi yako azike mutoto hakumuzaa!»

Sikuonaka mutu akizeeka mbele yangu. Ile mikono ya damu ikashuka. Akasema pole: «Hakuna mutu aliniambia.»

Njo pale swali yangu ilipojibiwa, mbele ya bunduki na sufuria, na mimi sijaifungua hata kinywa kuiuliza. Nilifikiri alinipunguza. Kumbe mu dunia yote ni yeye peke yake alikuwa anatuhesabu wewe na mimi ku mustari moya.

Hiyo haimuondolei deni. Kumuhesabu mutu na kumutembelea ni bintu mbili. Nimemuambia hiyo njiani. Alijibu: «Ni kweli.» Kisha nilimubeba ku mugongo fasi ya matope.

Mais nimeruka kitu. Muyisa alikata mupira, akasema tuende. Muzee akakataa. «Tumbo iko wazi.» Nilikaa pale mupaka tumbo ifungwe, na mupaka mwenye tumbo akunywe maji na asitapike. Mimi nilishika koleo. Mikono yake inajua njia bila macho. Naungama: nilimuangalia akishona, nikaona namna mama anashonaka, sindano inaingia pembeni kidogo. Sijui nani alimufundisha mwenziwe.

Karte yangu ilibaki. Muyisa aliiweka mu koti. «Hii jina ina mwenyewe,» alisema. «Muambie Paluku akuje kusalimia baba yake Butembo. Bila magwanda. Neno langu litafika ku barrière za barabara ile.»

Nimemaliza. Chai ingine inadaiwa.

Malachie


Beni, 6 julai 2001

Malachie,

Zorobabel alinikuta ku geti ya camp. Nilisoma nikiwa nimesimama katikati ya lori na sentinelle wa zamu, na sentinelle akageuka asinione. Mungu amubariki huyo kijana.

Nimeomba ruhusa ya siku tatu kuona baba mugonjwa. Wamekataa. Mukubwa wangu amesema baba aliyetibu maadui si mugonjwa, ni mutuhumiwa. Nikamujibu: Papa alishona sisi wote miaka makumi tatu, na kovu yako ya shingo ni kazi yake. Alijigusa shingo. Mais ruhusa hakutoa.

Nitakuja. Magwanda nitayakunja juu ya kitanda na kamba zake tatu, waone sikuiba kitu. Nikivuka barrière ya camp sina kurudi, najua. Nimefikiri, na nimemaliza kufikiri.

Niambie moja tu. Ku barrière zenu wakiniuliza mimi ni nani, niseme nini? Sina Kinande. Sina karte ya raia. Uso wangu ni wa Kasai mupaka masikioni.

Grady


Butembo, 9 julai 2001

Yaya, ndugu yangu mukubwa,

Panda na Zorobabel vendredi, tarehe 13. Kaa juu ya magunia, hapana mbele ku cabine, ku cabine njo banatafutaka bakubwa. Vaa shati ya zamani. Saa ya bajeshi utoe ku mukono, alama yake ku ngozi uifunike na majivu.

Bakikuuliza, usitaje Kapinga. Usijaribu Kinande, utatuletea aibu. Sema «wavukire», salamu tu, kisha sema hivi na Kiswahili yako: Mimi ni Paluku wa Kambale, fundi wa Mususa, mutoto wa Muzee wa Kasugho. Bakisema «mama yako ni nani?», sema: Débora. Nimemuuliza mama kama anakubali. Hakukamata sindano. Alisema: «Muambie asichelewe.»

Sindano alikamata kisha. Anakushonea shati. Mwili wako haujui, donc alimupima Muzee mabega, akaongeza vidole mbili. Muzee alisema ongeza tatu, jeshi inanenepesha.

Ku mulango ya atelier nimefuta jina ya zamani. Rangi bado mbichi, ukifika usiiegemee. Bafanyakazi bangu bananiuliza: patron, sasa umeshuka cheo, kutoka wa kwanza mupaka wa pili? Nimebajibu wafunge kinywa na wawashe machine.

Ukifika unaweza kuniita petit. Mara moya. Na uniletee nusu ya muhindi, hiyo sijasahau.

Dimanche tunaenda ku kanisa. Benchi ya mbele, ile benchi. Mama pembeni ya dirisha, Muzee, wewe, mimi. Hakuna fasi ya mutu kusogea. Hatutaeleza kitu, hatutasalimia mbele ya kusalimiwa. Tutakaa tu. Nataka Mususa yote bahesabu benyewe.

Ndugu yako wa pili,

Kambale Malachie